Breki za Bwana Mifugo wa Igawa

20 Novemba 1977, Jumapili

Kuanzia Iringa mpaka Mbeya hakuna fundi kama mimi Nyanda mwana wa Shigela, na hili nalisema kabla sijashika spana hata moja. Mafundi wengine walifundishwa. Mimi nikiitazama mashine, inaona aibu, inajisemea yenyewe inapoumwa. Nilipokuwa darasa la sita nilitengeneza saa ya mwalimu mkuu kwa mwiba wa mgunga. Ilitembea siku mbili, tena kwa kasi kuliko saa zote za Usangu. Hiyo ni sababu moja ya mimi kuacha shule. Sababu nyingine hazina maana.

Daftari hili nimepewa na shemeji Eliezeri, mume wa dada yangu Helena. Ni bwana mifugo hapa Igawa, Mnyakyusa wa milimani, mtu wa kupiga pasi mpaka soksi. Serikali imempa pikipiki nyekundu ya kwenda kuchanja ng'ombe huko mbugani wanakokaa watu wetu waliohama na mifugo kutoka Usukumani. Kuanzia leo anayeiosha na kuitunza ni mimi. Niandike humu tarehe na kazi niliyofanya. Hakusema nisiandike mengine.

Mapatano yetu ni haya. Pikipiki ikimaliza masika bila kuharibika, mwezi wa nne shemeji ataniandikia barua ya kwenda kusomea ufundi Mbeya mjini. Ikiharibika, narudi kwa baba kuchunga. Ng'ombe wa baba wanapita mia na kila mmoja ananijua kwa harufu. Nimewachoka na wao wamenichoka.

"Usiongeze chako," shemeji akasema. "Osha, kaza, andika. Basi."

"Sawa, shemeji."

"Naona unacheka."

"Uso wangu ndivyo ulivyo."

22 Novemba

Nimeosha. Inang'aa mpaka jogoo wa dada amepigana na sura yake kwenye tangi.

24 Novemba

Hakuna mvua. Shemeji amenuna. Mimi pia nimenuna, ila kwangu inapendeza.

27 Novemba, Jumapili

Mvua ya kwanza ilipiga jana na shemeji alirudi kutoka mbugani na tope hadi kwenye kola. Kwa mtu wa pasi ule ni msiba. Leo akaenda kanisani akaniachia neno moja: "Osha."

Nikatoa gurudumu la nyuma. Hakusema nisilitoe. Ndani ya dramu, lile bakuli la chuma katikati ya gurudumu, nikakuta brekshuu mbili zimeelekeana kama kwato za ng'ombe, kila moja imevikwa kipande cha kahawia. Ukikanyaga pedeli, kile kipande ndicho kinachoibana dramu, gurudumu likasimama. Hilo nililielewa mara moja bila mwalimu. Lakini hali niliyozikuta nayo ilinisikitisha. Kavu kabisa, zimefanya nyufa, vumbi jeusi tupu. Ndivyo zinavyokuwa kamba za ngozi za kufungia nira zikisahaulika juani. Baba akiona kamba ya namna hiyo kwanza anachapa mtu, halafu anaipaka samli, anaiacha kutwa inywe, anaipaka tena. Kamba inalainika na kudumu miaka. Nimepaka kamba za baba tangu nina meno ya utoto.

Basi nikachukua kibuyu cha samli cha dada. Nikapaka, nikazianika juu ya bati zinywe, nikapaka tena. Sikutaka kuibagua breki ya mbele, nayo nikaifanyia hivyo hivyo. Zote zikapata rangi nzuri, zikalainika. Sasa huyu Philbert Kalinga, fundi wa kando ya barabara aliyekuwa anaitengeneza pikipiki hii kabla yangu, miaka yote hiyo hakuliwaza jambo dogo kama hili. Shemeji alimnyang'anya kazi kwa sababu hapendi mali ya serikali ifunguliwe na mtu mwenye sigara mdomoni. Mhehe wa Ilula, maneno mengi kuliko spana.

Kazi ya leo: usafi, na kulisha breki.

29 Novemba

Shemeji anasema breki ya nyuma imekuwa legevu. Nikamwambia inazoea.

3 Desemba

Amekosakosa mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji. Amerudi midomo imekauka.

"Nimekanyaga, Nyanda. Nimekanyaga mpaka pedeli ikagusa chini."

"Basi nati imelegea, shemeji."

"Wewe ndiye uliyeifunga."

"Ndiyo maana najua."

Nikaikaza nati ya fimbo ya breki mizunguko sita. Gurudumu likawa zito kuzunguka, lakini linasimama. Ufundi ni kusikiliza.

4 Desemba, Jumapili

Nimefungua, nimesafisha, nimepaka. Samli ya dada inapungua na dada anamwangalia paka.

8 Desemba

Leo nimechukiwa na mbwa wa Igawa, au nimependwa, sijaelewa bado.

Shemeji alikwenda Rujewa na kurudi. Alipofika gurudumu la nyuma lilikuwa linatoa moshi. Siyo moshi mweusi, ni moshi mweupe wa adabu, na harufu yake ni ile ya kwa mama wakati wa kuunga mboga. Wakaja mbwa watatu. Mmoja akalamba gurudumu, akaungua, akalia, akarudi kulamba. Watoto wa shule wakasimama. Wanawake waliotoka kisimani wakatua ndoo. Shemeji akabaki amekaa juu ya pikipiki na shati lake jeupe, mbwa wamemzunguka, hajui ashuke au asishuke.

"Ni nini hii?" akaniuliza polepole.

"Nati nimekaza sana. Nitailegeza."

"Nimeuliza harufu."

"Mbwa hawa wana njaa, shemeji. Wanaramba chochote."

Nikailegeza mizunguko minne.

9 Desemba

Niliagizwa kununua mafuta ya taa, nikapita bandani kwa Philbert Kalinga kwa bahati mbaya, kwa sababu barabara ni moja. Banda lenyewe ni bati nne na magogo, matairi yananing'inia kama nyama buchani. Alikuwa amechuchumaa anaziba pancha, sigara pembeni mwa mdomo.

"Kamwene, bwana fundi," akasema. Ndiyo salamu yao. "Mbwa hawajambo?"

Nikajifanya natazama matairi.

"Ulipaka nini, samli au siagi? Maana mimi na huyu dereva wa lori tunabishana."

"Sikupaka kitu."

"Basi ni muujiza. Padri aitwe." Yule dereva akacheka mpaka akashika kiuno. Philbert akainuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, na sasa hakuwa anacheka. "Kijana, kile kipande cha kahawia kazi yake ni kukwaruza. Ndiyo kazi yake yote duniani. Ukikipaka mafuta kinateleza. Ukikipaka mengi kinayanywa, na hata ukikipangusa, siku kikipata moto kinayatapika. Zile zimekufa. Ziondoe kabla hazijamwua yule Mnyakyusa wako."

"Babu zangu wamepaka ngozi kabla babu zako hawajaona ng'ombe."

"Ni kweli. Na babu zako walisimamisha pikipiki ngapi?"

Nilipofika kwenye duka la ushirika mtoto mmoja akaniita Samli. Sijui habari ilitumia barabara gani hata ikanipita.

11 Desemba, Jumapili

Sijapaka. Siyo kwa sababu ya Mhehe. Samli imekwisha.

17 Desemba

Jina limeshika. Nikipita: Samli. Nikinunua chumvi: Samli, na nyingine unayo nyumbani. Mwenyekiti mwenyewe aliniita hivyo, halafu akajifanya amekohoa. Anayelisambaza ni yuleyule wa bandani. Kila lori linalosimama kujaza upepo linaondoka na jina langu. Kufikia Krismasi watakuwa wananijua mpaka Zambia.

20 Desemba

Jina limefika nyumbani. Shemeji alikuwa anakula. Akaweka tonge chini.

"Ulitia samli kwenye breki za serikali?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

Dada Helena akajibu kabla yangu. "Kibuyu kizima, baba Sekela. Na paka wangu nimemchapa bure."

Shemeji hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alifunga vifungo vya mikono ya shati, kimoja kimoja, akasema, "Tangu siku ya kwanza wewe ni mwongo. Unadanganya hata pale ambapo ukweli ungekufaa. Barua usiiote."

"Shemeji, zitapona."

"Breki hazina homa. Mimi ndiye ninayezipanda. Nina mtoto wa miaka miwili na nina mbuga nzima ya kuchanja kabla kimeta hakijatokea. Utanitafutia breki, au utafunga mzigo wako."

Usiku dada alikuja mlangoni pangu, akasimama tu. Nikamwambia mumeo ana roho ya nyoka. Akasema, "Mume wangu anarudi nyumbani akitetemeka mikono, wewe huoni kwa sababu unatazama kola." Akaondoka.

25 Desemba

Wali. Nimekaa upande wa watoto.

2 Januari 1978

Shemeji amewaandikia wenye duka la vipuri Mbeya. Jibu: hakuna brekshuu, subirini. Akamwagiza mtu Iringa. Hakuna, subirini. Kila kitu mwaka huu ni subirini. Ng'ombe ndio hawajaambiwa.

8 Januari, Jumapili

Jumapili iliyopita niliziosha brekshuu kwa petroli, nikapiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Zilionekana kavu. Shemeji akatembea polepole wiki nzima kwa kutumia miguu kama kasia. Zikatapika, kama Mhehe alivyosema. Namchukia zaidi akisema kweli.

13 Januari

Mvua.

14 Januari

Mvua. Samli. Mvua.

22 Januari, Jumapili

Nimefungua, nimeosha, nimepiga msasa. Naona haya hata kuandika. Nimebadilisha springi, nikidhani huenda tatizo ni springi. Nimebadilisha waya wa breki ya mbele. Nimetia maji ya sabuni, nimekausha juani, nimetia majivu. Majivu yalisaidia mpaka kwenye mti wa kwanza.

4 Februari

Ng'ombe wawili wamekufa kwa kimeta upande wa Kashindye, jirani yetu wa mbugani, mzee mwenye kundi kubwa kuliko la baba. Alikuja mwenyewe kwa miguu, maji yamefika magotini, kumdai shemeji chanjo. Shemeji akamwambia breki. Mzee akanitazama. Hakuniita Samli. Alisema kwa Kisukuma kwamba baba yangu atasikia, basi, akarudi kwenye maji.

18 Februari, Jumamosi

Philbert aliniita kutoka barabarani kwa mluzi, kama mtu anavyoita mbwa. Nilitaka nipite. Dada alikuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni, akanisukuma.

Akatoa kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na brekshuu nne, za mbele na za nyuma, zimetumika lakini kavu, bado nene.

"Nilizitoa kwenye pikipiki ya padri mmoja, ilikufa injini huko kwetu Ilula. Nilikuwa nimejiwekea."

"Sizihitaji."

"Sijakuuliza. Yule Mnyakyusa aliniondoa kwenye kazi kwa sababu ya sigara, na mimi simpendi, tusidanganyane. Lakini jana nimemwona anateremka darajani ameweka miguu yote miwili chini, soli zinatoa vumbi kwenye lami. Chukua. Paka hewa tu." Akamgeukia dada. "Shemeji yangu, huyu mdogo wako ana mikono mizuri. Kichwa ndicho kimewekwa na mtu mwingine."

Dada akacheka. Mara ya kwanza tangu Krismasi, na akamchekea huyo.

"Unataka nini?" nikamwuliza Philbert.

"Sitaki kitu. Ukinipa kitu utasema tumelingana."

19 Februari, Jumapili

Nimetoa magurudumu yote mawili. Nimesafisha dramu kwa petroli. Brekshuu zimefungwa. Nimejaribu mara tatu mpaka kisimani, imesimama mara tatu. Shemeji alipotoka kanisani akajaribu mwenyewe, akafunga breki ghafla mbele ya nyumba, pikipiki ikasimama kama imepigwa msumari.

Akasema, "Hm."

Kwa Mnyakyusa huyu hm ni sherehe ya siku mbili.

"Nani amekusaidia?"

"Mafundi ni wangapi hapa, shemeji?"

Akashuka, akaingia ndani. Baadaye nikamsikia anamwambia dada kwamba huenda barua ile ataifikiria. Nikalala mchana nimevaa viatu.

21 Februari

Amechanja mia mbili. Breki nzuri.

23 Februari

Nzuri.

25 Februari

Mtoto mmoja aliniita Samli, nikamwambia njoo ujaribu breki. Akakimbia.

2 Machi, Alhamisi

Sijui nianzie wapi. Naanza asubuhi.

Mvua ilikuwa imekatika na jua likatoka kali. Shemeji alifunga sanduku la chanjo nyuma ya pikipiki, chupa arobaini zimepangwa kwenye barafu na pumba. Alikuwa na haraka, barafu haisubiri mtu. Zamu ilikuwa ya kundi la Kashindye, halafu la baba. Akaniambia, "Leo nawachanja ng'ombe wako, niwaambie nini?" Ni utani wa kwanza aliowahi kunifanyia. Akaondoka.

Mteremko wa darajani ni mrefu, na lami mpya ina utelezi mvua ikikatika. Wanaouza ndizi pale juu wanasema alianza kushuka vizuri. Katikati ya mteremko akaanza kubonyeza breki, maana chini darajani lori lilikuwa limesimama, dereva yuko chini ya boneti. Wanasema waliona anakanyaga. Waliona anakanyaga tena, mara nyingi nyingi, kama anayekanyaga pampu. Halafu akaweka miguu chini. Halafu akachagua mtaro.

Nilikuwa nyumbani nafua shati lake. Mtu alikuja mbio akasema bwana mifugo ameanguka darajani, nikakimbia na shati mkononi, povu linadondoka.

Nilimkuta amekaa mtaroni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mahali ambapo mkono haulali. Uso umekuwa wa majivu. Chupa zimevunjika zote, pumba imechanganyika na tope, na yeye alikuwa anajaribu kuziokota kwa mkono wa kushoto, anazipanga kwenye sanduku vipande vipande.

"Shemeji, acha."

"Ngapi zimepona?"

"Hakuna."

"Hesabu vizuri."

Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, gurudumu la nyuma bado linazunguka kidogo. Lilikuwa la moto. Kabla watu hawajasogea nilichota maji mtaroni kwa shati lake nikalimwagia, mara tatu, mara nne, mpaka likaacha kulia. Mtu akasema, mwacheni, kijana amechanganyikiwa.

Yule dereva wa lori alimpeleka hospitali ya misheni. Dada alipanda naye. Kabla hajapanda alinishika kola.

"Breki zilikuwaje?"

"Zilikuwa nzuri, dada. Uliona mwenyewe zikisimama."

Alinitazama mpaka lori likapiga honi.

3 Machi

Nimebaki na Sekela. Analia, ananipiga kwa kijiko. Hajui kitu, ila anajua.

6 Machi

Mkono umevunjika mara mbili na bega limetoka. Ataishi. Mkono wa kuandikia huenda usinyooke. Kwa Kashindye wamekufa ng'ombe tisa. Kwa baba wanne, mmoja ni yule mweupe niliyemkamua tangu utoto. Nilisema nimewachoka.

11 Machi, Jumamosi

Kikao ofisi ya kijiji. Alikuwepo mwenyekiti, katibu, na bwana mmoja kutoka wilayani mwenye faili, aliyekuja kwa ajili ya pikipiki kwa kuwa ni mali ya serikali. Watu walijaa mpaka madirishani. Shemeji aliketi mbele, mkono umefungwa kifuani, shati limevaliwa upande mmoja. Dada ndiye aliyempigia pasi.

Yule bwana akauliza nani aligusa breki mara ya mwisho. Nikasimama.

"Ulifanya nini?"

"Nilisafisha, nikafunga."

"Wanasema wewe ndiye uliyetia samli." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Zile zenye samli ndizo zilizokuwamo?"

Hapo Philbert Kalinga akainuka kutoka nyuma bila kuitwa. Alikuwa ameizima sigara, ameishika kama kipande cha chaki.

"Hapana, bwana. Tusimwonee kijana. Nilimpa nyingine. Nilimpa mimi, wiki mbili kabla, mbele ya dada yake. Zilikuwa kavu na nzima."

"Ulizitoa wapi?"

"Kwenye pikipiki iliyokufa."

"Mitumba," yule bwana akasema, akaandika. Nikaisikia kalamu. "Ulitoa vipuri vya mzoga ukavitia kwenye chombo cha serikali, na wewe huna kibali cha kukigusa."

"Sikukigusa. Nilimpa kijana."

Wakanigeukia wote. Mwenyekiti, bwana wa faili, shemeji na macho yake mekundu. Philbert pia akanigeukia, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Kijana, alikupa?"

"Alinipa."

"Na ndizo ulizofunga?"

Nikajibu.

Kikao hakikuchukua muda baada ya hapo. Mwenyekiti amekuwa akitaka mabanda ya barabarani yaondoke tangu mwaka juzi, watu wakalime. Philbert amepewa siku tano. Alipokuwa anatoka shemeji alimwambia, "Sigara ilikuwa dalili tu." Philbert hakurudisha neno. Philbert Kalinga, bila neno.

14 Machi

Anabomoa banda mwenyewe. Anang'oa misumari mmoja mmoja na kuinyoosha kwa nyundo.

15 Machi

Nimepita nikiwa na dada. Hakuna aliyeniita Samli. Igawa nzima sasa wananiita Nyanda, na wengine wananipa pole.

16 Machi

Philbert amekuja nyumbani. Aligonga mlango kama mgeni. Shemeji hakuinuka kitini.

"Bwana Eliezeri, nimekuja kusema samahani. Mkono wako ni mimi."

Shemeji akatazama ukuta. Dada akamletea kigoda, hakukalia.

Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa sababu dada alinikazia macho. Bati zake zilikuwa zimefungwa kamba, zinangoja lori la kwenda Iringa. Kaka yake ana bustani ya nyanya Ilula, atamsaidia kuuza kando ya barabara.

"Nilizipima kwa kidole," akasema. "Sikuhitaji kipimo kingine miaka kumi na tisa. Nikaona zina unene wa kutosha, hazina ufa." Akakitazama kidole chake, kile cha katikati, cheusi kwa grisi. "Labda gundi ilikuwa imezeeka ndani. Wewe ulipozifunga hukuona zimeachana na chuma?"

"Hapana, mzee Kalinga."

"Basi siyo kosa lako. Usiliweke moyoni." Kisha, "Sitashika breki ya mtu tena. Nyanya haziui."

Lori likaja. Nikamsaidia kupakia bati.

26 Machi, Jumapili

Pasaka. Sijaosha kitu, hakuna cha kuosha. Pikipiki imechukuliwa wilayani.

2 Aprili, Jumapili

Shemeji aliniita mezani. Mbele yake palikuwa na karatasi, na kalamu ilikuwa katika mkono wa kushoto. Sijui ameanza lini. Mistari inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, na kwa mtu yule najua ilivyomuuma kila moja.

Ni barua yangu ya Mbeya.

"Pikipiki haikumaliza masika," nikasema.

"Najua."

"Tulipatana."

"Nilikuita mwongo, Nyanda. Nimekuita hivyo kwa watu. Siku ya kikao ungeweza kuzungukazunguka, nakujua, lakini uliulizwa ukajibu mara moja mbele ya kijiji kizima. Nimeandika humo kuwa wewe ni kijana mkweli." Akaisukuma barua kwa kiganja. "Sikuzoea kukosea juu ya mtu. Ndaga." Kwao ndiyo asante. Hajawahi kuniambia.

Dada alikuwa mlangoni, anapepeta mchele. Ungo ukaacha kucheza.

9 Aprili, Jumapili

Kesho basi la Mbeya. Barua iko ndani ya daftari hili. Nimefunga mzigo mara mbili na kuufungua mara mbili.

Nimesoma kurasa zangu tangu mwanzo. Mtu anayeandika humu ana maneno mazuri. Tarehe kumi na tisa Februari aliandika "brekshuu zimefungwa" na hakusema zipi.

Nilikuwa nimelitandaza gazeti, brekshuu nne za Philbert ziko juu yake, kavu, nzima, na spana mkononi. Nikawaza: zikishika, Igawa watasema Mhehe ameziponya breki za Samli. Dada atacheka tena vile. Nikazichoma zangu juu ya jiko la mkaa mpaka zikaacha kutoa mafuta, nikazipiga msasa, nikazirudisha. Zilisimama kisimani mara tatu. Nilidhani nimeshinda. Darajani gurudumu lilikuwa linanuka samli, ndiyo sababu nililimwagia maji.

Na bwana wa faili aliponiuliza kama ndizo nilizofunga, nilijibu ndiyo.

Brekshuu za Philbert Kalinga hazikugusa pikipiki ile hata siku moja. Ziko hapa kitandani, kwenye gazeti lake, na hazina kasoro yoyote.